Kisu cha mfukoni cha bei nafuu: Lamu kinaanza kufa ndani

Kisu cha kukunja kikiharibika Lamu, mara nyingi hakianzii kwenye makali. Makali unayaona kila siku. Yakishika doa unalisugua, yakiwa butu unayanoa. Kinachokufa kwanza ni kule ndani usikokuona: pini ambayo ubapa (bamba lenye makali) unazungukia, washa zake, yaani visahani vyembamba vinavyokaa kati ya ubapa na mpini, springi, na vichwa vya skrubu. Kisu kinaanza kukwaruza kikifunguliwa, kisha kinakuwa kizito, kisha siku moja loki, ile inayozuia ubapa usijikunje, haishiki na kidole kinakatwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa Amu, Shela au Malindi anayetafuta kisu cha chini ya shilingi 5,000 haufanani na ule wa kwenye video za watu wanaokaa mbali na bahari. Wao huuliza makali yatakaa muda gani. Sisi tuulize kwanza: maji matamu yataweza kuingia ndani na kutoka?

Maji ya bahari yana chumvi ya kama gramu 35 kwa lita, na kusi ikivuma chumvi hiyo huingia hadi vyumbani. Stenlesi haikatai kutu hivi hivi tu. Ina kromi, angalau asilimia 10.5, na kromi hiyo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba sana unaokifunika chuma. Utando ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, maadamu hewa inafika. Chumvi ndiyo inayoutoboa. Kwenye ubapa ulio wazi, utando unarudi; chini ya washa, ambako tone la maji ya chumvi limejificha na hewa haifiki, haurudi, na chuma kinaliwa vishimo vidogo vidogo. Jasho nalo lina chumvi, kwa hiyo hata asiyepanda mashua hajasalimika.

Tuanze na chuma chenyewe, maana ndipo wauzaji wanapotudanganyia. Neno "Stainless" likiandikwa peke yake ubavuni mwa kisu halikwambii kitu. Tafuta jina la chuma. Majina ya Kichina yanasomeka kirahisi: tarakimu ya mwanzo inakadiria kaboni, na namba iliyo baada ya Cr ni kromi. 3Cr13 ina kaboni ya kama asilimia 0.3 na kromi 13. 5Cr15MoV ina 0.5 na 15. 8Cr13MoV ina 0.8 na 13. Kaboni ikizidi, chuma huweza kuwa kigumu zaidi na makali hukaa. Lakini kaboni hiyo hiyo hushikana na kromi, na kromi iliyoshikwa haifanyi tena kazi ya kuzuia kutu. Ndiyo shida ya D2, chuma kinachosifiwa kila mahali kwenye visu vya bei ya chini. Kina kaboni ya kama asilimia 1.5 na kromi ya kama 12, namba ya kromi inapendeza kwenye karatasi, lakini sehemu kubwa yake imeshafungwa. Anayekaa Nairobi na anunue D2 kwa raha zake. Kwa mtu wa pwani, kinaota madoa ya kahawia mfukoni, na kukinoa ni kazi ya kutoa jasho.

Kwa bei tunayoizungumza, chaguo langu la kwanza ni vyuma vya Uswidi, 12C27 au 14C28N. Hicho cha pili kina kaboni ya kama 0.6, kromi 14, na naitrojeni kidogo inayoongeza ugumu bila kuila kromi. Baada ya hivyo ni 4116 ya Ujerumani, halafu 8Cr13MoV. Na kuna jambo wapenzi wa visu hawatalipenda: hata 3Cr13, wanayoidharau kama chuma cha kukatia siagi, ni bora kuliko D2 kwa mvuvi anayepitisha kisu kwenye jiwe kila asubuhi. Dakika mbili za kunoa ni bei ndogo kuliko pini iliyoganda.

Halafu ile habari ya sumaku. Wapo wanaosema kisu kisichoshikwa na sumaku ndicho stenlesi ya kweli. Si kweli. Karibu vyuma vyote vya stenlesi vinavyofaa kwa visu hushikwa na sumaku. Ubapa wa kisu rahisi ukikataa sumaku, karibu hakika umetengenezwa kwa aina laini ya stenlesi, ile ya sufuria na masinki, na makali yake hayatamaliza hata debe la viazi.

Ukubwa. Ubapa wa sentimita 7 hadi 8.5 unatosha kukata kamba, kumenya embe, kufungua gunia la unga, kupasua tumbo la changu na kuvua ngozi ya waya. Ukizidi hapo unaanza kubeba kisu cha jikoni. Unene ndio unaopuuzwa. Mgongo wa milimita 2 hadi 2.5 ni wa kutosha kabisa. Visu vya kujionyesha huwa na milimita 3.5 au 4, na hivyo havikati, vinapasua. Njia ya kupima bila chombo ni kukata kiazi kibichi. Ubapa mwembamba nyuma ya makali unateleza hadi chini. Ubapa mnene unafika nusu, kiazi kinalia kwa sauti na kupasuka chenyewe. Haijalishi umenoa vipi.

Mavazi nayo yana neno. Kikoi hakina mfuko, na kisu kilichosokotwa kwenye pindo la kiunoni huanguka mara tu unaporuka kutoka kwenye chombo. Kanzu ina mfuko, lakini kitambaa ni chepesi: kisu cha gramu 150 kinaning'inia na kugonga paja kila hatua, na klipu ya chuma ya kukitundikia mfukoni inachana kitambaa kwa muda mfupi. Tafuta kisu kisichozidi gramu 80 na chenye tundu la kamba mwishoni mwa mpini. Kamba ya sentimita 60 ifungwe kwenye mkanda au kwenye tundu la kaptula. Baharini kamba hiyo si pambo. Kwa wanawake wanaobeba mkobani, klipu haina kazi. Ing'oe, skrubu zake ni mbili au tatu, na kisu kitaacha kukwaruza simu.

Kuna na adabu. Barazani mtu akichomoa kisu cheusi na kukifyatua kwa kidole gumba, mazungumzo yanasimama. Kisu cha mpini wa mbao kinachofunguliwa kwa mikono miwili kinaonekana kuwa ni cha kumenyea embe, na watu wanaendelea na habari zao. Unapomkabidhi mtu, kikunje kwanza, au mpe upande wa mpini. Kwenye maulidi, mikutano ya siasa na maandamano kiache nyumbani: kuwa na silaha kwenye mikutano ya hadhara na maandamano ni kosa, na hutaki kuanza kumweleza askari tofauti ya silaha na kifaa cha kazi. Kwenye basi la Malindi, barabara ya Garsen hadi Mokowe ina vizuizi na mizigo hukaguliwa. Kisu kiwe kwenye begi pamoja na vifaa vingine vya kazi, kikiwa kimekunjwa. Kwa ndege, iwe ni Manda au Malindi, kinakwenda kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kwenye mkoba wa mkononi kitachukuliwa.

Loki, sasa. Kisu kisicho na loki kabisa hushikwa na springi ya mgongoni tu. Kinatosha kwa kukata kwa kuvuta kuelekea kwako, lakini usidunge nacho kitu, kwa sababu ncha ikikwama kinajikunja juu ya vidole. Loki ya bamba la pembeni ndiyo iliyojaa madukani: bamba jembamba la chuma ndani ya mpini linaruka na kusimama nyuma ya ubapa. Ni nzuri ikitengenezwa vizuri, lakini mchanga wa Shela ni adui yake. Punje moja kati ya bamba na ubapa inatosha kulizuia lisikae vyema, na wewe unadhani limeshika. Pia ili kulifungua inabidi kidole gumba kikae kwenye njia ya makali. Lisukume bamba kando kwanza, ubapa ushuke kidogo, ukiondoe kidole, ndipo ukunje. Loki ya mgongoni, ile ya kubonyeza kwa nyuma, haikuweki kidole njiani, ila ina kijishimo kinachokusanya nyuzi za mfukoni. Nyuzi zikijaa, jino la loki haliingii hadi mwisho. Lichokonoe kwa kijiti cha meno kila baada ya wiki kadhaa. Loki za kitelezi kinachovutwa kwa pande zote mbili ni salama na nyepesi kutumia, lakini zinategemea vispringi viwili vyembamba kama waya, na hivyo ndivyo vinavyokatika kwenye visu vya bei ya chini. Kimoja kikikatika loki bado inashika. Vikikatika vyote, basi tena.

Nizungumzie visu vinne ambavyo mtu wa bajeti hii hukutana navyo.

Opinel ni ya Ufaransa, kutoka Savoie, tangu 1890. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5, namba 7 ina sentimita 8, na pete ya loki, iliyoanza 1955, hupatikana kuanzia namba 6. Ubapa ni mwembamba ajabu. Kwa kukata tu, hakuna kinachoushinda kwa bei yake. Kuna aina mbili: ya chuma cha kaboni na ya stenlesi ya 12C27. Hapa chukua stenlesi, usibishane na nafsi yako. Ya kaboni hugeuka rangi kwa ndimu na embe bichi, jambo ambalo si baya, lakini kwa chumvi hugeuka kutu usiku mmoja. Udhaifu mkubwa wa Opinel ni mpini wa mbao: ukiloa, mbao inavimba na kuubana ubapa usifunguke. Kukiwa hivyo usivute kwa kucha. Gonga kisigino cha mpini, upande wa mwisho, kwenye ubao; ncha itatokeza kidogo uishike. Tiba ya kudumu ni kukiacha kikauke kivulini siku mbili, kisha kukunja msasa namba 240 kwenye kipande cha kadibodi na kuusugua ndani ya ufa wa mpini hadi ubapa upite kwa uhuru, halafu kuinywesha mbao mafuta ya kitani mara mbili tatu. Usikichemshe wala kukianika kwenye bati la jua kali, mbao itapasuka.

Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, ina visu vya milimita 91 ambavyo ni vyepesi, kama gramu 60 kwa vile vyenye vifaa vichache. Havina loki. Chuma chao ni laini kidogo, kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell kama 55 hadi 56, na hunoleka kirahisi mno. Tatizo la pwani liko kwenye tabaka: kati ya springi na springi kuna mabamba ya alumini, na alumini ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Unga mweupe ukitokeza kwenye viungo, ndiyo dalili. Kisu hiki hakifunguliwi kwa skrubu, kimepigwa riveti, kwa hiyo dawa ni moja tu: kukizamisha kwenye maji matamu ya uvuguvugu, kufungua na kufunga kila kifaa mara kadhaa chini ya maji, kukausha, kisha tone la mafuta. Na ujihadhari na vya bandia, vyekundu vyenye msalaba. Kwenye kisu halisi, jina la kampuni limepigwa chini ya ubapa mkubwa, karibu na mpini, na kila kifaa hufunguka kwa mlio mkali na kusimama bila kucheza.

Okapi wengi wanaijua kwa sura: mpini mrefu wa mbao, pete ya chuma mgongoni, mlio wa kerere ikifunguliwa. Ilianza Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Afrika, na tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Springi yake iko nje, jambo linalofurahisha kwa kuosha. Lakini ubapa ni wa chuma cha kaboni, na sura yake imejijengea jina baya la kisu cha wahuni kwenye miji ya Afrika Kusini na hata Jamaika. Kwa kizuizi cha polisi, sikishauri.

Kundi la nne ni visu vya Kichina vya kisasa, Ganzo, Sanrenmu na wenzao, vingi vikiwa na mpini wa plastiki iliyochanganywa nyuzi za kioo. Hapa ndipo penye thamani kubwa kwa pwani, ukichagua kwa macho. Tafuta kisu ambacho mgongo wa mpini uko wazi, unaona mwanga ukipita kati ya mbavu mbili, zimeshikana kwa vijiti vifupi tu. Hicho maji yanapita na mchanga unatoka. Na kiwe cha skrubu, si riveti. Vilivyozibwa mgongoni kwa kipande kizima cha chuma viache.

Dukani, mwambie tu muuzaji, "Ami, naomba nikifungue mwenyewe," na usifanye haraka. Fungua taratibu, usikie kama kuna mkwaruzo. Shika ncha kwa vidole viwili ubapani, mpini kwa mkono mwingine, uuchezeshe ubapa juu na chini, kisha kushoto na kulia. Ukicheza kushoto na kulia kidogo, ni skrubu ya pini, inakazika. Ukicheza juu na chini, ni loki, na hiyo haitengenezeki kwa bei yoyote ya maana. Angalia bamba la loki limefika wapi: liwe limekalia kati ya robo na nusu ya upana wa kisigino cha ubapa, yaani mwisho wake ulio upande wa pini. Likiwa limegusa ukingo tu litateleza. Likiwa limeshafika upande wa pili kisu kikiwa kipya, halina tena nafasi ya kulika. Bonyeza mgongo wa ubapa kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Usigonge mezani, kugonga kunaharibu loki nzima na hakuthibitishi kitu. Mwisho, geuza makali yaangalie taa. Makali mazuri hayaonekani. Ukiona kinyota kimoja kinang'aa katikati, makali yanagonga springi kisu kikifungwa, na kila ukikifunga utakuwa unakibutusha.

Kunoa kunataka vitu vichache. Kinoo chenye pande mbili, namba 400 (ya mkwaruzo) na 1000 (laini), kinatosha maisha. Bila kinoo, msasa wa maji namba hizo hizo uliolazwa juu ya kigae hufanya kazi, ila unavuta kisu kurudi nyuma tu, mgongo ukitangulia. Ukisukuma makali mbele utauchana. Hata ule mduara mkavu usiong'aa chini ya kikombe cha kaure unanoa vizuri kwa dharura. Kuta za matumbawe hazinoi, zikikutana na chuma kigumu ni zenyewe zinazosagika, na huo mchanga wake unakwaruza ubapa bure.

Pembe ya digrii 20 kila upande ndiyo ya kazi. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita 2, mgongo uinuke milimita 7 kutoka kwenye jiwe, yaani unene wa penseli ya shule. Weka penseli chini ya mgongo, ushike pembe hiyo, uiondoe, uanze. Noa upande mmoja peke yake kwenye 400 hadi uhisi, upande wa pili, utepe mdogo sana wa chuma unaokwaruza ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea makali. Utepe huo utokee urefu wote, kuanzia kisigino hadi ncha. Usipotokea, hujafika kwenye makali, na kwenda kwenye 1000 ni kupoteza muda. Watu wengi hukwama hapa wakalaumu kisu. Geuza, fanya upande wa pili hivyo hivyo. Kisha nenda 1000 kwa mkono mwepesi, pigo moja moja kila upande, mara kumi hivi, na umalizie kwenye ngozi: upande wa ndani wa mkanda au kipande kutoka kwa mshona makubadhi.

Kwa kamba za manila na za makumbi, ishia kwenye 400. Makali yenye meno madogo madogo yanang'ata nyuzi, yale laini yanateleza juu yake. Ndiyo sababu sioni haja ya kisu chenye nusu ya meno ya msumeno, ambacho meno yake hakuna mtu mjini atakayekunolea. Mashine ya fundi ya kunolea mapanga pia iepuke. Ubapa mwembamba hupata moto upesi. Ncha ikigeuka buluu imepita nyuzi joto 290 hivi, ugumu umeondoka, na hapo hapatashika makali tena hadi pasagwe pote paishe.

Kukiosha ni siku ile ile kilipoguswa na bahari. Tumia maji ya kunywa au ya mvua, kwa sababu visima vingi vya mji vina chumvi chumvi. Kikombe kimoja, fungua na funga ndani yake mara kumi, kung'uta, pangusa, kiache wazi kivulini penye upepo kwa saa moja. Kisha tone moja la mafuta kila upande wa pini, ufungue na kufunga, upanguse ya ziada, maana mafuta ya ziada yanashika mchanga. Mafuta ya cherehani ni bora kwa pini. Kwa ubapa unaogusa chakula, pakaa mafuta ya nazi kidogo. Mafuta ya simsim usiyatie ndani. Yakikaa hunata na kuziba kila kitu.

Kila miezi mitatu, cha skrubu kifungue chote. Nyingi hutaka bisibisi ya ncha sita, T6 kwa mwili na T8 kwa pini. Panga vipande kwenye sahani nyeupe kwa mpangilio ulivyovitoa, safisha kwa mswaki na sabuni, kausha, paka mafuta, rudisha. Skrubu ya pini ikiwa inalegea yenyewe, tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi zake linaishikilia na bado itafunguka siku nyingine. Kaza hadi ubapa usicheze, kisha legeza kwa robo ya robo ya mzunguko.

Kisu kilichokwisha kuganda, usikilazimishe kwa koleo. Kilaze kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi kisukume kidogo kidogo, kirudishe ndani, urudie. Kikilegea, kioshe kwa sabuni mara mbili kabla hakijagusa chakula. Kutu ya juu inatoka kwa siki ya dakika 15, usizidishe, kisha maji yenye baking soda ya kuua asidi, kisha maji matamu. Vishimo vilivyokwisha kuliwa havirudi. Vikiwa ubapani, endelea kukitumia. Vikiwa kwenye kisigino cha ubapa, pale loki inaposimama, kisu hicho kisikunjwe tena: kiache wazi, kikaze kwa riveti au kwa waya, kiwe kisu cha jikoni.